Mtungi wa Kuzimia Moto Katika Kinu cha Posho

Katika skimu nyingi za makazi hapa Kenya kuna kinu cha posho, na kama wenyewe wameifuata Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, humo ndani mna mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Mara nyingi mtungi huo umejaa vumbi, na mwendeshaji wa kinu hajapata kuushika. Yafaa tujifunze kazi yake mapema, maana mtungi mdogo wa unga mkavu humaliza dawa yake kwa muda usiofika nusu dakika. Wakati huo si wa kusoma maandishi yaliyo ubavuni.

Kwanza tujue mtungi upi ni wa moto upi. Mtungi wa maji hufaa kwa magunia, kuni na karatasi. Usiutumie kwa dizeli au petroli inayowaka: mafuta huelea juu ya maji, nayo yatatapakaa sakafuni yakiwaka. Wala usiutumie kwa mota ya stima, maana stima huweza kupita katika maji ikampata aliyeushika. Kwa injini ya dizeli na kwa mota hufaa unga mkavu. Uko pia mtungi wa hewa ya kaboni dioksidi, wenye mdomo mpana mweusi. Huo ni mzuri kwa stima, ila usiguse mdomo wake, kwa kuwa baridi yake huumiza ngozi. Na katika chumba kidogo hewa hiyo humnyima mtu pumzi.

Sasa tuseme mafuta yamemwagika chini ya injini yakashika moto. Mwendeshaji afanye nini? Wengi watajibu, "Akimbilie mtungi." La. Kwanza apige kelele ili waliokuja na mahindi watoke nje, hasa watoto. Kisha azime injini au akate stima, kama aweza kufika bila kupita motoni. Ndipo auangalie moto. Ukiwa mdogo, kama wa kikapu cha taka, ajaribu kuuzima. Ukiwa umefika darini, au moshi umejaa, atoke, afunge mlango, aite msaada. Injini hununuliwa nyingine.

Anayezima moto asimame mlango ukiwa nyuma yake, asikubali kamwe moto uwe kati yake na mlango. Avute pini, akae mbali kidogo, kama hatua tatu, aelekeze mpira kwenye shina la moto wala si kwenye ndimi za juu, abane kishikio, na kuupeleka mpira kushoto na kulia. Moto ukizimika asiupe kisogo. Arudi kinyumenyume, kwani mafuta yenye joto huweza kuwaka tena.

Kinu kina hatari yake ya pekee, nayo ni vumbi la unga. Likitimuliwa hewani karibu na moto huweza kulipuka kama baruti. Basi fagieni boriti mara kwa mara, wala msipulize mtungi penye unga uliolala. Posho iliyoingiwa na dawa ya mtungi isiliwe, hata mwenye gunia akinung'unika.

Mtungi utundikwe karibu na mlango, si nyuma ya injini, ambako wengine huuficha usiibwe. Kila mwezi tazameni kama mshale ungali penye rangi ya kijani, kama pini ipo, na kama nyigu hawajajenga ndani ya mpira. Ukitumiwa hata kidogo upelekwe kujazwa, maana unga hukwama katika vali na nguvu ikavuja polepole.