Bolti Iliyoshikwa na Kutu

Mimi ni fundi wa magari hapa Woodley, na wengi mnaniuliza kuhusu bolti zinazokataa kufunguka. Vijana wa gereji hupenda kuongeza bomba refu kwenye spana na kuning'inia. Ikikatikia ndani, itachimbwa kwa drili, na gari linalolisha nyumba linalala.

Sugua kutu kwa brashi ya waya, tia WD-40, ngoja hata usiku kucha. Chukua soketi ya pembe sita. Ya kumi na mbili hula kichwa haraka. Ikaze kidogo kwanza, ndipo ufungue. Moto pia husaidia, lakini futa mafuta yote, na kamwe si karibu na tangi! Kichwa kikiisha kabisa, mwite wa welding achomelee nati juu yake.