RABA NDOGO, HASARA KUBWA: SOMO LA BUTI LA SHAFTI

Wengi wetu chamani hudhani Kiswahili ni cha mashairi na insha tu. Sivyo hata kidogo! Kiswahili kinaishi pia chini ya magari, mikononi mwa mafundi waliojaa grisi. Leo nawaomba tuingie huko pamoja.

Likizo ya Aprili nilikaa kwa mjomba, Kawangware. Ana Toyota Corolla kuukuu ambayo hubebea mboga kutoka Marikiti. Gari hilo ndilo unga wa nyumbani, na ndilo karo yangu. Asubuhi moja, tukikata kona, gurudumu la mbele kushoto likaanza kulia: ka! ka! ka! ka! Mjomba akaongeza sauti ya redio. "Ni vijiwe tu hivyo," akasema. Wiki mbili baadaye hakuwa na la kusema.

Kwani shida ilikuwa nini?

Gurudumu la mbele la gari kama hilo lina kazi nyingi. Lavuta gari, lageuka kushoto na kulia, na papo hapo lapanda na kushuka mashimoni. Kama shafti inayotoka kwenye giaboksi ingekuwa fimbo tupu, ingevunjika siku ya kwanza. Ndiyo maana ina viungo, na kile cha nje mafundi hukiita sivi jointi. Ndani yake mna gololi za chuma, kwa kawaida sita, zinazotembea katika mifereji. Kiungo cha namna hii kilibuniwa mwaka 1926 na Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford. Gari dogo la Mini, lililotoka Uingereza mwaka 1959, ndilo lililokieneza sana.

Gololi hizo haziishi bila grisi. Kinachoshika grisi ndani na kuzuia uchafu nje ni raba yenye mikunjo mikunjo, na raba hiyo ndiyo buti. Jina lisikuchanganye, msomaji. Kuna buti la mguuni, kuna buti la nyuma la mizigo, na kuna hili la shafti.

Raba huzeeka kwa joto na kwa kukunjwa kila siku. Ikipasuka, grisi hurushwa nje, na vumbi la Januari au matope ya masika huingia. Mchanga ukichanganyika na grisi huwa msasa, na msasa huo hula gololi taratibu. Dalili ya kwanza haina kelele: ni grisi nyeusi iliyotapakaa upande wa ndani wa gurudumu. Kelele wakati wa kona huja baadaye, na mara nyingi huja kukuaga.

Tulimpelekea gari fundi mmoja wa jua kali karibu na Dagoretti Corner. Alichungulia, akatikisa kichwa. "Mzee, ungekuja kabla halijalia ningekuambia ununue raba. Sasa ni jointi." Pesa za jointi zilitoka kwenye bahasha ya karo, nami nikarudi shuleni siku nne baada ya wenzangu. Lakini fundi hakuishia hapo. Alimulika kurunzi upande wa kulia, akatuonyesha buti lililoanza kupasuka, ingawa grisi ilikuwa bado safi. Hilo tuliliwahi, nami ndiye niliyeshika spana.

Tulipanda matatu namba 46 hadi mjini, tukateremka River Road kwa miguu hadi Kirinyaga Road, ambako wengi bado hukuita Grogan, jina la zamani. Mjomba alibeba namba ya chasisi ili tusiuziwe buti la gari lingine. Pakiti ilikuwa na buti, mikanda miwili ya chuma na grisi nyeusi. Kisha kazi ikaendelea hivi:

1. Legeza nati kubwa ya katikati ya gurudumu gari likiwa bado chini. Weka mawe nyuma ya magurudumu mengine. Piga jeki, kisha weka stendi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake!

2. Toa gurudumu, fungua mkono wa chini ili habu ivutike nje, kisha ugonge shafti polepole kwa nyundo ya mbao. Shafti ikitoka kwenye giaboksi, oili itamwagika, tega karai.

3. Kata mikanda na buti la zamani. Osha jointi, ikauke, uikague. Ukiona vishimo au mikwaruzo kwenye gololi au mifereji, usipoteze buti jipya.

4. Kwa Corolla yetu, jointi ya nje haikuwa ya kung'olewa. Tulifungua ile ya ndani baada ya kuiwekea alama, tukapitisha buti kutoka upande huo. Magari mengine jointi ya nje hugongwa ikatoka. Uliza kabla ya kuinua nyundo.

5. Jaza grisi ya pakiti, si grisi yoyote ya kuokota. Ipake ndani ya jointi na ndani ya buti.

6. Kalisha buti kwenye mifereji yake bila kulipindua, toa hewa, ufunge mikanda ya chuma. Waya haufai: hukata raba.

7. Rudisha kila kitu, weka pini mpya kwenye nati, ongeza oili ya giaboksi.

Tulipomaliza, mjomba alizunguka uwanjani polepole, usukani umekatwa hadi mwisho, redio imezimwa. Kimya! Fundi akaosha mikono, akacheka: "Sasa unasikiliza gari."

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi kila mwezi mjomba huinama na kurunzi kutazama mabuti yote, na mimi nikiwa likizoni huinama naye. Wewe uliye na gari nyumbani, mwambie mzazi ainame leo.

MASWALI
(a) Kwa nini mchanga ndani ya grisi unafananishwa na msasa?
(b) Taja maana tatu za neno "buti", na utunge sentensi moja kwa kila maana.
(c) Mjomba aliongeza sauti ya redio. Eleza kosa lake kwa kutumia methali nyingine.