Tangazo la Simu Likikataa Kula Pesa

Somo la mara hii ni la vikundi vyetu vya biashara ndogo ndogo kutoka Thika mpaka Ruiru, hasa vile ambavyo vimeanza kutangaza bidhaa zao kwa kulipia Facebook na Instagram. Wengi wenu mnaijua shida ya tangazo kula pesa bila kuleta wateja. Leo tunaangalia shida nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni tangazo ambalo limekataa kabisa kula pesa. Mmetenga bajeti, mmeandikiwa kwamba tangazo liko hewani, siku zinapita na pesa hazisongi.

Mtu anaweza kusema, "Si hiyo ni bahati? Pesa hazijapotea." Lakini katika kikundi mambo si hivyo.

Kikundi kimoja cha akina mama washonaji huko Ruiru, ambacho sitakitaja jina, kilitenga shilingi 6,000 mwishoni mwa Desemba ili kutangaza sare za shule kabla ya muhula wa kwanza. Pesa zilitumwa kwa laini ya mweka hazina kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kadi ya kulipia vitu mtandaoni. Baada ya siku tisa tangazo lilikuwa limetumia shilingi 412 tu. Shule zinafunguliwa, na hakuna mzazi aliyepiga simu. Kwenye mkutano mwenyekiti aliuliza kwa upole, "Mama, hizo zingine ziko wapi?" Mama akajibu kwamba Facebook haijazichukua. Sasa nani angeamini hayo? Kila mtu anajua watu wa mtandao hawachelewi kuchukua pesa. Kufikia jioni neno lilikuwa limetembea mpaka Kimbo, ati mweka hazina amekula pesa za sare.

Hakuwa amezila. Lakini kulikuwa na shilingi 1,150 ambazo kweli hazikuwapo, na hizo tutazifikia.

Jinsi pesa zinavyotoka

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba bajeti si malipo. Ukiandika 6,000, hujalipa 6,000. Umesema tu, "Usipite hapa." Kwa malipo ya kadi, Facebook hutangaza kwanza halafu hudai, ama deni likifika kiasi fulani, ama tarehe ya kulipa katika mwezi ikifika. Ile ambayo haijatumika inabaki kwako, isipokuwa kama mlichagua kuweka pesa kwenye akaunti ya matangazo mapema.

Jambo la pili ni kwamba nafasi ya tangazo hainunuliwi kama nafasi ya gazeti. Kila mara mtu anapofungua simu yake, nafasi iliyo mbele yake hupigwa mnada kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wazee wetu wa kahawa wanaujua mnada: unaweza kwenda na pesa mfukoni na urudi nazo zote kwa sababu hukushinda hata gunia moja. Tangazo lisilokula pesa liko hivyo. Aidha halikuruhusiwa kuingia mnadani, au liliingia likakuta watu wachache mno wa kuonyeshwa, au bei yake ilishindwa. Na katika mnada huu mwenye pesa nyingi si lazima ashinde. Facebook huangalia pia kama mtu huyo anaelekea kujibu tangazo lenyewe, na kama watu wanalifurahia au wanalificha.

Anzeni na pesa

Kabla ya kulaumu mtu, fungueni ukurasa wa malipo. Vikundi vingi hapa kwetu hulipa kwa kadi ya GlobalPay ya M-Pesa, ambayo Safaricom na Visa walianzisha Juni 2022. Kadi hii haina mfuko wake. Inachota kwenye salio la M-Pesa la yule mwenye laini. Kama siku ya kudaiwa salio ni shilingi 80, malipo yanakataliwa, na matangazo yote ya akaunti hiyo yanasimama mpaka deni lilipwe. Kumbukeni pia kuna VAT ya asilimia 16 juu ya bei ya tangazo. Bajeti ya 6,000 inataka 6,960.

Sasa turudi kwa mama yetu. Fuliza, ambayo ilianza Januari 2019, ina tabia ambayo kila mtu anaijua mpaka siku inapomshika mwenyewe: pesa zikiingia kwenye laini yenye deni, deni hulipwa kwanza bila mtu kuulizwa. Kikundi kilituma 6,000 na Fuliza ikachukua 1,150. Mama aliona, akaogopa kusema, akawaza, "Nitarudisha kabla tangazo halijafika huko." Tangazo halikufika huko. Lingekula pesa kama kawaida, angerudisha kidogo kidogo na hakuna ambaye angejua. Kule kukwama kwa tangazo ndiko kulikofanya deni lake dogo lionekane kama wizi mkubwa.

Tulikaa nao tukiwa na taarifa ya M-Pesa upande mmoja na ukurasa wa malipo wa Facebook upande mwingine. Hesabu ilichukua dakika ishirini. Shilingi 412 zilikuwa za tangazo, 1,150 zilienda Fuliza, na zilizobaki zilikuwa kwenye laini. Mama alilia, halafu akakubaliana na wenzake jinsi ya kulipa. Maoni yangu ni kwamba pesa za kikundi zisipitie kamwe laini yenye Fuliza iliyofunguliwa. Tafuteni mwanachama ambaye hajajiunga nayo, au mwenye laini ajiondoe kwanza, na laini hiyo isitumiwe kununua sukari.

Hapo hapo kwenye malipo kuna kitu kingine kinachofichama, nacho ni kiwango cha mwisho cha akaunti nzima. Hiki si bajeti ya tangazo. Kijana anayewafungulia akaunti anaweza kuweka kiwango cha shilingi 1,000 ili kuwalinda, halafu asahau kuwaambia. Kikifika, kila kitu kinasimama, hata bajeti ikiwa bado nono.

Ruhusa

Hapa sitakaa sana. Kila tangazo hukaguliwa kabla ya kuanza, mara nyingi ndani ya saa 24, wakati mwingine zaidi. Mkibadilisha picha au maneno linarudi kukaguliwa, kwa hivyo mwenye kubadilisha kila asubuhi anajifungia mlango mwenyewe. Yanayokataliwa sana kwa vikundi vyetu ni maneno yanayomwelekezea msomaji kidole kuhusu hali yake. "Wewe mzazi uliyelemewa na madeni, njoo kwetu" litakataliwa. "Sare za bei nafuu, lipa kidogo kidogo" halina shida hiyo. Dawa zinazodaiwa kutibu kila kitu nazo hazipiti, na mimi sina huruma nazo.

Tangazo linawatafuta akina nani?

Hapa ndipo penye mambo. Wale akina mama walikuwa wamechora mviringo wa kilomita mbili kuzunguka Kimbo. Ndani yake wakachagua wanawake peke yao, wa miaka 28 hadi 35. Halafu, kwa kuwa Facebook iliwauliza wanawatafuta watu wanaopenda nini, wakaandika "ushonaji".

Fikirieni kidogo. Nani anapenda ushonaji? Ni mshonaji. Walikuwa wanalipa ili kuwatangazia washonaji wenzao! Mzazi wa mtoto wa darasa la nne hana habari na ushonaji. Anachotaka ni sweta ya rangi inayokubaliwa na mwalimu mkuu. Kila sharti waliloongeza lilikuwa kama chujio juu ya chujio, mpaka chini hakukutoka hata tone. Wachache waliobaki walishaliona tangazo mara kadhaa, na wengine hawafungui simu kwa sababu bundles zimeisha.

Katika sensa ya 2019 mji wa Ruiru ulihesabiwa watu 490,120 na Thika 251,407. Watu wapo. Mzazi anayeishi Membley anaweza kufanya kazi Thika mjini na kupita Juja kila siku. Baba pia hununua sare, na nyanya anayelea wajukuu hununua. Kwa hivyo tulipanua eneo kutoka Ruiru kupitia Juja hadi Thika mjini, wanaume na wanawake, miaka 25 hadi 55, na lile sharti la ushonaji tukaliondoa kabisa. Hatukupeleka mpaka Mombasa, maana anayeuza kwa mkono hawezi kumhudumia mteja wa Likoni.

Kuna vikundi vinavyofanya kosa la upande mwingine. Vinagawanya shilingi 500 za siku kwa matangazo matano, kila moja likiwatafuta watu karibu wale wale. Facebook haipendi matangazo ya akaunti moja yapigane mnadani, kwa hivyo huchagua moja na mengine yanakaa njaa. Afadhali tangazo moja lililoshiba.

Bei na kazi mliyolipa

Kijana aliyewasaidia alikuwa amewawekea kofia ya bei. Alisema asilipe zaidi ya shilingi 3 kwa kila mtu atakayetuma ujumbe, ili wasiibiwe. Nia yake ilikuwa nzuri. Lakini wiki ya kufungua shule kila mwenye vitabu, viatu na mabegi kutoka Nairobi anawatafuta wazazi wale wale, na bei ya mnada inapanda. Tangazo lao liliingia mnadani likiwa na shilingi tatu mkononi na likatoka nazo. Kama bajeti ni ndogo, ondoeni kofia. Bajeti yenyewe ni ukuta wa kutosha. Kofia itumiwe na mtu ambaye ameshatangaza miezi kadhaa na anajua mteja mmoja humgharimu ngapi.

Angalieni pia kazi mliyoipa Facebook. Ukichagua "mauzo" inataka kuhesabu watu walionunua, na kama hamna duka la mtandaoni haina cha kuhesabu. Mwanzoni mfumo huwa unajifunza, na unahitaji karibu matokeo 50 katika wiki moja ili utulie. Kikundi chenye bajeti ndogo hakiwezi kupata mauzo 50 kwa wiki, lakini ujumbe 50 wa WhatsApp si ndoto. Chagueni ujumbe.

Na saa? Kama akaunti ilifunguliwa kwa majira ya Los Angeles, siku ya tangazo lenu inaanza saa nne au saa tano asubuhi ya hapa Kenya. Ukichungulia saa mbili asubuhi ukaona halijafika mwisho, si ajabu, siku yake bado haijaisha.

Baada ya kurekebisha, acheni mikono. Hili ni gumu kwa watu wenye wasiwasi wa pesa, nami nawaelewa. Lakini kila badiliko kubwa linarudisha mfumo darasa la kwanza. Pangeni siku ya kuangalia, tuseme kila siku ya tatu, na anayeangalia awe na mwenzake.

Tangazo la akina mama wetu lilianza kutembea siku iliyofuata. Soko kubwa la Januari lilikuwa limeshapita, hilo siwezi kulificha. Waliopiga simu wengi walikuwa wazazi walionunua shati na suruali kwingine na kuacha sweta mpaka mshahara uingie, na sweta ndizo walizoshona mwezi huo.

Neno moja kuhusu wale wanaojiita mafundi wa matangazo. Tangazo likikwama utaona ujumbe unaodai kutoka Facebook, kwamba ukurasa wenu utafungwa leo msipobonyeza hapa. Msibonyeze. Na hakuna fundi wa kweli anayehitaji PIN ya M-Pesa wala ile namba ya siri inayokuja kwa SMS.

Kwa mkutano wenu ujao, fungueni simu mbele ya wote. Jadilianeni: Mteja wetu wa mwisho alikuwa nani, anaishi wapi, na je, tangazo letu lingemfikia? Tukimlipa mtu mmoja kwa kadi yake, karatasi gani mbili ataleta kila mkutano bila kuulizwa? Mwanachama akipatwa na jambo kama la Fuliza, anaweza kumwambia nani siku hiyo hiyo?