Rafu tunazozipita maktabani: Kitereza, Kandoro na daftari la babu

Ukikaa barazani baada ya swala ya Ijumaa hapa Mwanza hukosi kumsikia mtu akilalamika kwamba Waislamu hatusomi. Mwenzake atamjibu kuwa hata ukienda maktaba hakuna chetu pale, kuna vitabu vya shule na hadithi za uongo tu. Kahawa inaletwa, watu wanahamia kwenye habari za mpira, na shauri limekwisha.

Na mimi nilikuwa katika kundi hilo la wasemaji. Nilikuwa mwanachama wa maktaba tangu nikiwa mwanafunzi, na kila nikiingia nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya dini, nikatazama kilichopo, nikatoka. Kwa asiyejua, maktaba zetu za umma hupanga vitabu kwa namba. Dini zote ziko kwenye mia mbili, na Uislamu umepewa 297. Fasihi iko kwenye mia nane, ya Kiswahili ikiwa 896.392. Wasifu wa watu uko 920, na historia ya Tanzania 967.8. Sisi tunaijua 297, tunahesabu vitabu vilivyopo, tunaona ni vichache, tunanung'unika, tunaondoka. Hizo namba nyingine tumewaachia wengine, kisha tunasema hakuna chetu.

Kilichonirudisha ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa na kazi ya shule ya kusoma riwaya. Akaniomba, "Mjomba, nisindikize." Nikamsindikiza. Yeye akakaa na kitabu chake, mimi nikabaki sina la kufanya. Nikaanza kutembea kwenye rafu ambazo miaka yote nilizipita.

Kitabu cha kwanza kilichonisimamisha kilikuwa kinene, cha mtu wa jirani kabisa. Kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kutoka Mwanza hadi Nansio ni safari ya meli ya saa chache. Watu wetu wanakwenda na kurudi kila siku na magunia ya dagaa, wana ndugu kule, wana misikiti kule. Lakini ukiwauliza Kitereza ni nani, wachache watakujibu.

Huyu mzee alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari, akajua Kilatini na Kijerumani pamoja na lugha nyingine. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe. Hakuandika ili apate fedha. Aliona lugha ya kwao na mila za wazee zinapotea, akataka watakaozaliwa baadaye wajue watu walivyoishi kabla ya Mzungu: walivyolima, walivyovua, walivyooana, walivyouguzana na kuzikana. Nani angechapisha kitabu kikubwa kwa lugha ya kisiwa? Hakupatikana. Mswada ukakaa. Padri mmoja wa Kanada aliyempenda mzee akajaribu kuufanyia tafsiri ya Kifaransa, naye akafa kazi haijatoa kitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja watafiti wawili Wamarekani, mtu na mkewe, wakamtia moyo autafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Akafanya hivyo akiwa mzee, maungo yanamuuma. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Kitereza alifariki mwaka 1981 nakala zikiwa bado hazijamfikia mkononi.

Nakiri nilikifungua kitabu kwa wasiwasi, maana mwandishi ni Mkatoliki na nilidhani nitahubiriwa. Sikuhubiriwa. Nilichokuta ni mume na mke wasiopata mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke kuwa ni tasa, wazazi wake wanachoka na masimango, wanamchukua binti yao kumrudisha nyumbani. Mume hatafuti mke mwingine. Anafunga safari kwenda ukweni kuomba, anatozwa faini ya pombe ya ndizi ambayo hana hata shamba la kuitengenezea, anahangaika kwa majirani mpaka inapatikana, mkewe anarudi. Kisha wote wawili wanatafuta tiba. Ndiyo, pombe imejaa humo, na kuna matambiko na waganga. Mambo hayo kwetu hukumu yake inajulikana na hayahitaji fatwa mpya. Lakini masheikh wetu wanaokaa kusuluhisha ndoa hapa mjini wanajua ni kesi ngapi zinaanza hivyo hivyo: mama mkwe amesema neno, mawifi wamesema neno, mume amenyamaza. Sikuwahi kuona mahali palipoelezwa kwa utulivu namna hiyo jinsi neno la ndugu linavyovunja nyumba, na jinsi mume mmoja alivyokataa livunje yake.

Asiyependa Kiswahili kirefu cha mzee, ipo tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2002 iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, naye ni mwana wa Ukerewe na mwandishi wa riwaya. Mimi nashauri Kiswahili cha mzee mwenyewe. Kina mwendo wa mtu anayesimulia huku anashona wavu.

Hapa najua atainuka ustadhi mmoja aseme kuwa riwaya ni uongo, na uongo ni haramu. Hoja hii isipuuzwe, maana wanaoisema wana nia njema. Ila mwongo ni yule anayetaka umsadiki. Mtunzi wa riwaya anakwambia kutoka jaladani kwamba ametunga, na wewe umekubali kabla hujafungua. Wanazuoni wa kale waliokuwa wakali kwetu mara mia katika ilimu ya hadithi za Mtume (SAW) waliisoma Maqamat ya al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, na wanafunzi wa Kiarabu wakafundishwa kwayo, hali kila mtu anajua kuwa yule mjanja Abu Zayd wa Saruji anayezunguka miji ni wa kutungwa. Na kisa kama njia ya mafundisho tunakijua tangu madrasa: Sura Yusuf yenyewe, mwanzoni mwake, inajieleza kuwa inasimulia kisa kilicho bora. Haifuati kwamba kila riwaya ni nzuri. Zipo takataka nyingi, na baadhi zinauzwa barabarani kwa bei ya maandazi. Ndiyo sababu ya kuwa na rafu na mtu wa kuchagua.

Tuchukue mfano unaouma zaidi. Ukerewe hiyo hiyo ilimtoa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa 1944 na kufariki Januari 2020 baada ya miaka mingi ya kufundisha Dar es Salaam na kisha Botswana. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo yaliyomo. Baadaye ikawa kitabu cha kufundishia. Inahusu binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, baba asiyezungumza naye ila kwa fimbo. Binti akatoka nyumbani kwenda kusoma akiwa hajui lolote kuhusu wanaume wala nafsi yake, akaharibikiwa, na mwisho wake ni mbaya. Mimi singempa mtoto wa darasa la sita. Lakini ningempa baba yake, tena leo. Sisi tunaofunga mabinti ndani kwa kelele, bila mazungumzo, kisha tunawapeleka bweni na kusema tumemaliza wajibu, tumo katika kitabu kile ingawa majina si yetu.

Mshairi katika Kezilahabi ni habari nyingine. Diwani yake ya Kichomi, ya 1974, iliacha vina na mizani, na ugomvi uliozuka baina ya washairi wa jadi na hawa wapya ulidumu miaka. Kwa ladha yangu mimi ni mtu wa vina. Nimelelewa na kasida. Lakini nilisoma kurasa kadhaa nimesimama pale pale kwenye rafu, na sikukaa.

Kuhusu ushairi hatuna udhuru hata kidogo, kwa sababu rafu ile kwa sehemu kubwa ilijengwa na Waislamu. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate inaangalia majumba yaliyobomoka na kuikumbusha nafsi mauti. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu na Zanzibar wakati wa vita vya Wamazrui. Karibu zaidi na wakati wetu yuko Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya siasa, na Sauti ya Dhiki aliyoandika gerezani ikachapishwa 1973. Anayesema hakuna chetu, asimame mbele ya rafu hiyo aseme tena.

Yupo pia mmoja ambaye Mwanza tunamdai na hatumkumbuki. Saadani Abdu Kandoro alikuwa mtu wa Ujiji, mshairi, na mmoja wa watu 17 walioasisi TANU Julai 7, 1954. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa katibu wa chama cha TAA Jimbo la Ziwa, makao yake hapa hapa Mwanza. Serikali ya kikoloni iliiogopa kanda hii kiasi kwamba TANU ilipigwa marufuku Jimbo la Ziwa tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Kandoro alipigana kwa mikutano, akapigana na kwa mashairi, na vitabu vyake viwili, Mwito wa Uhuru cha 1961 na Mashairi ya Saadani cha 1972, ni historia na diwani kwa pamoja. Nimewauliza vijana kumi katika mtaa wangu kama wanalijua jina hilo. Mmoja alijibu kuwa ni beki.

Kwenye 920 nilikaa muda mfupi kuliko nilivyotaka kwa kuwa mpwa wangu alishaanza kunitazama. Wasifu wa Siti binti Saad, alioandika Shaaban Robert, ni kitabu chembamba kinachomtoa binti muuza vyungu wa Fumba mpaka santuri za Bombay mwaka 1928. Wanaobishana kuhusu taarab wangeanzia hapo, wamjue mtu kabla ya hukumu. Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, yalichapishwa mara ya kwanza 1902 na 1903, naye akafariki 1905. Ni katika wasifu wa mwanzo kabisa ambao mwenyewe aliusimulia kwa Kiswahili. Huyo msomeni kwa macho mawili. Wapo wanaomsoma kwa kujivunia ushujaa wake tu, wakaruka pembe na watumwa. Anataja mambo hayo mwenyewe, bila haya, na sisi hatuna sababu ya kumfichia.

Kisha kipo kitabu cha Mohamed Said juu ya Abdulwahid Sykes, kilichotoka kwa Kiingereza 1998 na kwa Kiswahili 2002. Wasomaji wengi wa safu hii wanakijua. Ninachotaka kusema juu yake ni jambo moja tu. Sehemu kubwa ya kitabu kile iliwezekana kwa sababu ukoo wa Sykes ulitunza karatasi zake: barua, picha, shajara. Zisingetunzwa, mwandishi angebaki na maneno ya barazani kama sisi.

Nikatazama rafu ile kutoka mwanzo hadi mwisho nikitafuta wasifu wa mzee mmoja wa Mwanza. Sheikh mmoja aliyefungua madrasa enzi za Mjerumani au Mwingereza. Mfanyabiashara mmoja wa Kimanyema. Mama mmoja wa TANU wa mitaa yetu. Sikuona. Na hapo sikuweza kumlaumu mkutubi, kwa sababu mkutubi hawezi kuweka kitabu ambacho hakijaandikwa, na hakiwezi kuandikwa bila karatasi.

Babu yangu alikuwa na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na madaftari aliyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sisi watoto tulidhani yote ni dua, hivyo hatukuyagusa kwa heshima. Alipofariki, nyumba ikauzwa ili warithi wagawane, na siku ya kuhama mtu wa ukoo wetu akaona ni makaratasi yaliyoliwa na mchwa. Akayachoma, akiamini anayastiri yasikanyagwe. Daftari moja liliponea kwa kuwa lilikuwa limeazimwa. Nilipolitazama baada ya kutoka maktaba siku ile, nikaona mistari imegawanywa katikati, vipande viwili viwili, kwa mpangilio wa mashairi. Kila ubeti una mistari minne.

Mpwa wangu aliazima riwaya yake, na chini yake akaweka juzuu ya kwanza ya Kitereza, akisema anamchukulia mama yake. Wiki iliyofuata dada yangu alinipigia simu usiku kuuliza kama Bugonoka atarudi kwa mumewe au hatarudi. Nikamwambia asome.

Daftari la babu lina kurasa 22. Nazisoma herufi, lakini yeye hakuandika irabu, na maneno mengi yananishinda. Kama kuna mzee Mlango Mmoja, Kirumba, Nansio au popote pembezoni mwa Ziwa anayezijua khati hizo, anitumie salamu kupitia gazeti hili. Nitamfuata nyumbani kwake.