Dalili, Shahidi na Yakini: Mazungumzo ya Mbale Kuhusu Mungu na Akhera

Swali la kuwapo kwa Mungu na swali la maisha baada ya kifo huchukuliwa na watu wengi kuwa swali moja, kana kwamba aliyejibu la kwanza amekwisha kujibu la pili, ilhali ni mawili: inawezekana kimantiki Mungu awepo na binadamu asiwe na akhera, na inawezekana pia, kama wanavyoamini wafuasi wa dini ya Kijaini ya India, roho idumu bila ya kuwapo Muumba. Mazungumzo yanayoandikwa hapa yanahusu tofauti hiyo. Wanaozungumza ni mzee wa Mbale, Mgisu na Mwislamu aliyesoma shule ya misheni na kufundisha dini na mantiki kwa miaka mingi, pamoja na kijana Msoga wa Jinja ambaye kazi yake ni uuguzi. Na kwa kuwa kila mmoja ana lugha yake ya mama, wanatumia Kiswahili, lugha ambayo msamiati wake wa ushahidi ni mpana kuliko wanavyodhani wengi wanaoizungumza.

Kijana alieleza kwamba amelelewa kanisani, kwamba katika wodi amewaona watu wengi wakikata roho, na kwamba hakuna hata siku moja aliyoona kitu chochote kikitoka mwilini; kwa hiyo aliuliza kama upo ushahidi wa Mungu na wa akhera ambao ungekubalika mahali pengine, mathalani mahakamani au maabara.

Mzee alitaka kwanza maneno yatenganishwe. Dalili, alisema, ni alama inayoelekeza kwenye jambo lisiloonekana, nayo inaweza kuelekeza kwenye mambo zaidi ya moja. "Wewe muuguzi, mwanangu, unalijua neno hili kuliko wanafalsafa: homa ni dalili ya malaria, lakini mwenye homa anaweza kuwa na taifodi." Ushahidi hutoka kwa shahidi, yaani mtu aliyekuwapo akaona au akasikia, na uzito wake hufuata uaminifu na idadi ya mashahidi. Uthibitisho ni matokeo ya kipimo ambacho mtu yeyote, hata anayepinga, anaweza kukirudia akapata jibu lile lile. Yakini ni utulivu wa moyo usiotikisika, nayo wanazuoni wa Kiislamu waliigawa daraja tatu, ambazo hufafanuliwa kwa mfano wa moto: kuujua kwa kuona moshi, kuuona wenyewe, na kuungua. Anayedai uthibitisho mahali ambapo panaweza kupatikana dalili tu, au anayeuza dalili kwa jina la uthibitisho, wote wawili wameharibu mizani.

"Lakini Mzee, mifano hiyo ni ya vitabuni," kijana alisema. Mzee akamrudisha kwao Jinja, kwenye Nile, mto ambao Wasoga huuita Kiyira. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa Mwanza, aliliona Ziwa Viktoria kwa upande wa kusini tu na kukata shauri kwamba humo ndimo Nile inamotoka. Hiyo ilikuwa dalili, na mwenzake Richard Burton aliikataa kwa haki. Tarehe 28 Julai 1862 Speke aliyaona kwa macho yake maji yakitoka ziwani kwenye maporomoko aliyoyaita Ripon, akawa shahidi. Hata hivyo hakuwa ameufuata mto wote wala kulizunguka ziwa, na Burton aliendelea kupinga. Wawili hao walipangiwa kujadiliana hadharani Septemba 1864, lakini Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake siku moja kabla. Ni mwaka 1875 ndipo Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa lote kwa mashua na ubishi ukaisha. Wasoga, bila shaka, hawakuwa wamengoja miaka 17 hiyo ili wajue mto wao unatoka wapi, jambo ambalo vitabu vya wasafiri hulitaja kwa haraka au hulisahau kabisa.

Kijana aliukubali mfano huo, kisha akaugeuza dhidi ya mwenye kuutoa: kwa mto kulikuwa na mashua, na aliyekuwa na shaka angeweza kupanda akazunguke mwenyewe, ilhali kwa Mungu hakuna mashua. Mzee alikiri kwamba hoja hiyo ni nzito, akaongeza kwamba ndiyo sababu neno "uthibitisho" halifai katika suala hili, na kwamba wahubiri wanaolitumia hulitumia bila kuulizwa. Hata hivyo sehemu kubwa ya elimu ya binadamu haikuja kwa mashua. Maporomoko ya Ripon yenyewe yalizama baada ya bwawa la Owen kujengwa na kuzinduliwa mwaka 1954, na hakuna kijana wa Jinja aliyeyaona, lakini hakuna anayekana kwamba yalikuwapo, kwa sababu habari zake ni za aina ambayo wanazuoni huiita mutawatiri, yaani habari iliyopokewa kwa njia nyingi mno kiasi kwamba haiwezekani wote waliohusika wawe wamekula njama ya uongo.

Hapo mzee aliingia katika hoja ambayo yeye huiona kuwa yenye nguvu kuliko zote, ile ya Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Kila kitu ambacho kingeweza kutokuwapo huitwa mumkini, na kila mumkini hudai sababu iliyo nje yake: maji ya Kiyira yametoka ziwani, ya ziwa yametoka kwenye mvua na mito kama Kagera, na mvua nayo ina chanzo chake. Hata kama mlolongo huo hauna mwanzo, mlolongo mzima unabaki kuwa mumkini, na kwa hiyo lazima kiwepo kisichoweza kutokuwapo, ambacho Ibn Sina alikiita wajibu wa kuwapo. Kijana aliuliza upesi ni nani basi aliyemuumba Mungu, na mzee akamjibu kwamba swali hilo halimgusi Ibn Sina, kwa maana wajibu si kiungo kingine cha mlolongo. Pingamizi lenye uzito ni la Bertrand Russell, ambaye katika mjadala wa redio ya BBC na padri Frederick Copleston mwaka 1948 alishikilia kwamba ulimwengu upo tu, na kwamba hakuna sheria inayoulazimisha uwe na maelezo. Kati ya mtu anayesema lazima kuwe na sababu na mtu anayesema si lazima, alisema mzee, hakuna hakimu wa tatu. Anayechagua upande wa Ibn Sina ana hoja, naye mpinzani wake si mjinga.

Kijana alikumbusha hoja aliyofundishwa shuleni, kwamba makabila yote ya Afrika yalimjua Mungu mmoja kabla ya wamisionari. Mzee aliiweka kando bila huruma. Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia wa Acholi, ameeleza jinsi mapadri walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba, wazee wasilielewe swali. Mapadri wakauliza ni nani aliyewafinyanga, wakatajiwa Rubanga, ambaye kwa Waacholi ni roho inayopinda watu migongo, na jina hilo likaandikwa kuwa ndilo la Mungu. Huenda Katonda wa Wasoga na Wele wa Wagisu wana historia tofauti, lakini ushahidi unaotengenezwa na mfasiri hauwezi kuhesabiwa kura.

Kuhusu roho, kijana alikuwa na la kwao. Maporomoko ya Bujagali, kaskazini ya Jinja, yalikuwa makao ya roho inayoheshimiwa na Wasoga, Budhagaali, na kabla maporomoko hayo hayajazamishwa na bwawa la megawati 250 lililozinduliwa mwaka 2012, matambiko ya kuituliza na kuihamisha yalifanywa, ukazuka ubishi kuhusu nani ana mamlaka ya kusema kwamba roho imeridhia. Je, kuzama kwa maporomoko si kipimo? Mzee alijibu kwamba kingekuwa kipimo iwapo mtu angetamka mapema ni tukio gani litakaloonyesha kwamba roho haipo. Bwawa likisimama husemwa imehama, na mashine ikiharibika husemwa imekasirika. Kauli inayokubaliana na kila tokeo haijakanushwa, lakini pia haijaungwa mkono na lolote. "Wala usicheke, mwanangu. Ya kanisani kwenu na ya msikitini kwetu kuhusu maombi yaliyojibiwa yapimwe kwa kipimo hicho hicho."

Sehemu ndefu kuliko zote ya mazungumzo ilimhusu Semei Kakungulu, ambaye maisha yake yanaiunganisha miji hii miwili: jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka nchi ya mashariki, akauanzisha mji wa Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, akapelekwa kuwa mkuu wa baraza la Busoga kuanzia mwaka 1906 hadi 1913, kisha akarudi Mbale akiwa amekata tamaa na mabwana zake. Alijiunga na Wamalaki, kundi la Kikristo lililokataa dawa za hospitali kwa hoja kwamba Mungu peke yake ndiye mponyaji, lakini aliendelea kuisoma Biblia mwenyewe, na alipofika kwenye amri ya tohara aliona kwamba waliomletea kitabu hawakifuati. Alipoambiwa kwamba wanaofuata hayo ni Wayahudi, mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri wanawe, na kutangaza kwamba basi wao ni Wayahudi. Jamii hiyo, Abayudaya, wengi wake waliiacha dini wakati Idi Amin alipoipiga marufuku, lakini ipo hadi leo kwenye kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale.

Kijana hakuona uhusiano, kwa sababu Kakungulu hakuwa na shaka juu ya Mungu. Hilo ndilo jambo lenyewe, alisema mzee: Kakungulu aliwashuku mashahidi, si yule waliyemshuhudia, na aliwapima kwa kitabu walichokileta wao wenyewe. Wengi wanaosema leo kwamba wamepoteza imani wamempoteza mchungaji aliyekula sadaka, au sheikh aliyewadanganya, nao wakayahesabu hayo kuwa habari kuhusu Mungu. "Basi sema, mwanangu: unayemshuku ni Mungu, au ni mashahidi wake?"

"Wote wawili, Mzee," kijana alijibu, na mzee akacheka.

Kisha kijana akataja Nametsi, kijiji cha Bududa kilichofukiwa na maporomoko ya udongo tarehe 1 Machi 2010 pamoja na wakazi wake, wakiwemo waliokuwa wamekimbilia kituo cha afya. Mzee alieleza kwamba mvua ndefu, miteremko mikali ya Mlima Elgon na mashamba yaliyochukua nafasi ya miti vinatosha kulieleza tukio, wala hapana pengo la kumchomekea Mungu wala shetani. Kwa nini Mwenye rehema aruhusu milima iwe hivyo ni swali jingine, na kuhusu hilo mzee alisema kwamba majibu aliyoyasoma yote yanasomeka vizuri mbali na makaburi. Hakuongeza kitu.

Ilibaki akhera. Kijana alikuwa amesoma habari za watu ambao moyo ulisimama wakarejea wakisimulia nuru na jamaa waliokwisha kufa, akaona kwamba hapa angalau pana vipimo. Vipo, mzee alikubali. Nchini Uholanzi Pim van Lommel na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, waliwahoji wagonjwa 344 walioponea kusimama kwa moyo, na 62 kati yao, yaani asilimia 18, walisimulia mambo ya namna hiyo. Uchunguzi wa Sam Parnia, uliochapishwa mwaka 2014, ulihusu matukio 2,060 katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria. Rafu ziliwekwa karibu na dari zikiwa na picha ambazo zingeonekana na mtu aliye juu tu, ili anayedai kuelea juu ya mwili wake apimwe. Waliopona na kuhojiwa walikuwa 140, waliokumbuka waziwazi kuona na kusikia yaliyotendeka chumbani walikuwa wawili, mmoja tu ndiye ambaye maelezo yake yaliweza kuhakikiwa, na wote wawili moyo ulikuwa umesimama katika vyumba visivyo na rafu. Kipimo, kwa maneno mengine, hakikupata nafasi ya kupima.

Hata picha zingeonekana, mzee aliendelea, zingeonyesha kwamba fahamu inaweza kufanya kazi kwa namna isiyoeleweka wakati ubongo umezimika kwa muda, jambo ambalo ni kubwa, lakini si maisha ya milele, na si Mungu. Shahidi ni aliyekuwapo, na hawa hawakuwapo huko. Mtu aliyefika Malaba akarudi hawezi kutoa ushahidi wa Nairobi. Vivyo hivyo kwa wazee waliotutangulia: John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliazima maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza kwamba marehemu hukaa katika sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, kisha huzama katika zamani. Akhera ya namna hiyo inategemea kumbukumbu za walio hai, nayo huisha nazo.

Kwa hiyo, alisema mzee, mpangilio wa maswali usigeuzwe. Akhera ya Uislamu na ya Ukristo haikudaiwa kamwe kuwa jambo la kuonekana wodini. Ni ahadi, na ahadi hupimwa kwa kumpima aliyeahidi, hivyo asiye na la kusema juu ya Mungu hana njia ya kuifikia akhera kwa kupitia dirishani. Wala kuomba kuonyeshwa si kufuru: Kurani inasimulia kwamba Ibrahimu mwenyewe aliomba aonyeshwe namna wafu wanavyofufuliwa ili moyo wake utulie, naye hakufukuzwa, na Injili inasimulia vivyo hivyo juu ya Tomaso. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika kwamba alikaa karibu miezi miwili akiwa hana imani na macho yake wala akili yake, na kwamba kilichomtoa humo hakikuwa hoja bali nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake, kauli ambayo, mzee aliongeza, ni ushahidi wa Ghazali kwa ajili ya Ghazali.

Swali la mwisho la kijana lilikuwa la kazi: mgonjwa akimshika mkono usiku na kumuuliza kama kuna kitu upande wa pili, amjibu nini ambacho si uongo? Mzee alimwambia amuulize kwanza mgonjwa anaamini nini, amwitie padri au sheikh wake iwapo anamtaka, na akishikiliwa aseme la kwake, aseme kwamba hakuna kipimo cha hospitali kilicholijibu swali hilo, kwa ndiyo wala kwa hapana, kisha asiuachie mkono.

Kijana alirudi Jinja jioni hiyo kwa barabara ya Tirinyi, kwa kuwa zamu yake ilikuwa ya usiku.