Orodha ya Faili Si Uthibitisho: Kukagua Hifadhi ya Wingu kwa Msaada wa Akili Mnemba

Lengo la somo hili ni kumwezesha mtumiaji wa huduma za kidijitali kukagua faili zake kabla ya kufuta nakala aliyobaki nayo. Tunalisisitiza jambo moja: orodha inayoletwa na wakala wa akili mnemba yaweza kuwa sahihi kwa kila jina lililomo, na bado ikawa pungufu.

Tuchukue mfano wa mpiga picha za harusi mwenye picha 2,640 katika kadi ya kumbukumbu. Amezipakia katika hifadhi ya wingu, lakini mtandao ulikatika zikiwa zimefika 2,100. Kadi imejaa na kesho ana kazi nyingine. Anamwuliza wakala wake: "Picha zangu zimefika?" Wakala anasoma sehemu ya kwanza ya orodha, kisha anajibu: "Ndiyo, zimefika." Kadi inafutwa. Picha 540 zimepotea, na harusi hairudiwi kwa ajili ya picha.

Kwa nini orodha hupungua

Katika Amazon S3, huduma ya hifadhi iliyoanza mwaka 2006, ombi moja la kuorodhesha huleta majina yasiyozidi 1,000. Yakiwapo zaidi, jibu huja na alama inayoonesha kwamba orodha haijakwisha, pamoja na tokeni ya kuombea sehemu inayofuata. Wakala aliyeundwa vizuri huendelea kuomba hadi mwisho. Asiyeundwa vizuri huishia sehemu ya kwanza.

Aidha, kwa kawaida majina hayo hupangwa kwa mfuatano wa herufi. Tarehe haizingatiwi. Kwa hiyo "picha10" hutangulia "picha2", na anayesoma mwanzo wa orodha hawezi kudhani kwamba ameona faili za zamani au za karibuni.

Vilevile, kinachoonekana kama folda mara nyingi ni sehemu ya mwanzo ya jina la faili, inayoishia kwenye alama ya mkwaju. Herufi kubwa na ndogo hutofautishwa: "Harusi/" na "harusi/" ni mahali pawili. Wakala akitafuta pamoja, pengine hatapaona.

Mwisho, wakala huandika jibu lake kwa maneno. Anaweza kufupisha orodha ndefu, au kutamka kwa uhakika jambo ambalo hakulikagua.

Hatua za kufuata kabla ya kufuta

1. Uliza idadi. Badala ya "Zimefika?", uliza: "Faili ni ngapi, ukubwa wake wote ni kiasi gani, na je, umefika mwisho wa orodha?"

2. Linganisha idadi na ukubwa huo na vilivyomo katika kadi, simu au kompyuta yako. Tofauti hata ya faili moja itafutiwe sababu.

3. Ingia mwenyewe katika ukurasa wa mtoa huduma ya hifadhi, uhakikishe idadi bila kumtegemea wakala.

4. Fungua faili chache za mwanzo, za katikati na za mwisho. Jina kuwapo hakuthibitishi kwamba picha ni nzima.

5. Futa baada ya hatua hizo tu. Kwa kazi ya mteja au nyaraka zisizopatikana tena, tunashauri ubaki na nakala ya pili mahali pengine.

Ruhusa unayompa wakala

Kuorodhesha, kusoma na kufuta ni ruhusa tatu tofauti, na mtoa huduma makini hukuwezesha kuzitenganisha. Kwa kazi ya kuhesabu faili, ruhusa ya kuorodhesha yatosha. Kumpa wakala ruhusa zote ni sawa na kumpa wakala wa pesa namba yako ya siri kwa sababu unataka kujua salio. Kazi ikiisha, iondoe ruhusa hiyo.

Kumbuka pia kwamba majina ya faili husema mengi. Jina kama "majibu-ya-vipimo-vya-mama" hutoa siri kabla faili haijafunguliwa, na orodha anayoisoma wakala inaweza kupelekwa kwenye mitambo ya kampuni inayomwendesha. Soma masharti ya huduma kabla ya kumruhusu. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na mtu anayeona taarifa zake zimetumiwa kinyume cha sheria anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Malalamiko hayo, hata hivyo, hayawezi kurejesha picha iliyofutwa. Hesabu kwanza, futa baadaye.