FUNDISHO: CHAKULA CHA WATOTO WA KUKU NA MIFUPA YAO

Ninyi munaokaa vijijini karibu na Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, munajua ya kuwa watu wa migodi wanapenda kununua kuku. Lakini mara nyingi mama anaweka feza yake yote katika watoto wa kuku, na kisha majuma 3 wanaanza kuchechemea. Watu wanasema: Ni uchawi, ao ni kijicho cha jirani. Sivyo. Ni njaa ya mifupa.

1. Sababu ya ugonjwa

Mtoto wa kuku wa nyama akitoka katika yai ana uzito wa gramu 40 hivi. Akilishwa vizuri, anafika kilo 2 katika majuma 6. Nyama inaongezeka upesi, na mifupa inapaswa kuibeba. Mifupa inajengwa na chokaa na fosfori, kama nyumba inavyojengwa na miti na udongo. Katika mahindi chokaa ni kidogo sana, na sehemu kubwa ya fosfori yake kuku hawezi kuitumia. Tena, pasipo vitamini D chokaa haiingii vema mwilini. Vitamini hiyo inafanywa na jua katika ngozi ya kuku. Basi, mwenye kulisha unga wa mahindi tu, ndani ya nyumba yenye giza, anawavunja kuku wake miguu yeye mwenyewe.

2. Alama

Mtoto anakaa juu ya visigino, hataki kutembea. Mdomo wake unapindika kama mpira. Ukimtunza upesi, atapata nguvu. Ukikawia, mguu uliokwisha kupinda hautanyooka.

3. Dawa

a) Chomeni mifupa ya ng'ombe ao mbuzi mpaka iwe nyeupe, itwangeni, ichekecheni. Changanyeni gramu 200 katika kilo 10 za chakula. Musizidishe, maana chokaa nyingi inaharibu figo za watoto. Kwa sababu hiyo musiwape chakula cha kuku wa mayai.

b) Ongezeni ndagala wakavu waliotwangwa, na karanga zisizo na ukungu.

c) Tieni pumba. Ndani yake mna manganezi. Ikikosekana, mshipa wa kisigino unaponyoka na mguu unageuka upande.

d) Watoeni juani kila siku, lakini wapate na kivuli. Jua linalopita katika kioo halifai kazi hii.

e) Musiokote udongo mweupe ao vumbi kando ya migodi na viwanda, mukifikiri ni chokaa. Huenda mna risasi na sumu nyingine, na sumu hiyo itafika katika nyama mutakayowapa watoto wenu.

4. Maulizo

Kwa nini mahindi peke yake hayatoshi? Jua linasaidia nini? Unga wa mifupa ni gramu ngapi katika kilo 5 za chakula?

Mwenye kujibu vema, aende akatazame miguu ya kuku wake leo, asingoje kesho.